Sura ya Tano: Nani Aliwazika?

Tarehe 8 Aprili 1862, siku moja baada ya mizinga kunyamaza Shiloh, Jenerali P. G. T. Beauregard wa jeshi la Kusini alimwandikia adui yake, Ulysses Grant, kumwomba ruhusa ya kutuma watu wakazike maiti wa upande wake. Kesho yake Grant akamjibu kwamba hakuna haja. Kwa sababu ya joto alikwisha kuamuru maiti wa pande zote mbili wazikwe, na kazi hiyo ilikuwa imemalizika.

Barua ya heshima ilijibiwa kwa heshima. Lakini aliyepita kwenye misitu ile ya Tennessee aliona mitaro. Maiti wa Kusini walilazwa humo kwa mamia, tabaka juu ya tabaka, na mtaro mkubwa kuliko yote unasemekana kuwa na miili zaidi ya 700. Majina hayakuandikwa. Waliochimba walikuwa askari waliopigana siku mbili mfululizo na kulala kwenye mvua katikati yake, na walitaka kumaliza kabla harufu haijawashinda. Katika siku hizo mbili watu wapatao 24,000 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kutoweka, na vita vyenyewe vilikuwa havijatimiza mwaka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimeandikiwa maelfu ya vitabu, na vingi vinawapenda majenerali: nani alizunguka ubavu wa nani, nani alichelewa kufika na kikosi chake. Mapigano hayo nitayapitia pia, maana bila kuyajua huwezi kuelewa kilichofuata. Lakini ninataka kuwafuata wachimba makaburi. Baada ya kila pigano, nani aliinama kumwokota maiti? Alilipwa nini? Na mama wa kijana aliyelala pale alipataje habari? Nimesoma habari za vita hivi kwa miaka mingi, na kwangu mimi maswali hayo matatu yanafichua mengi kuliko ramani zenye mishale.

Sababu ya vita haina utata. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watu milioni 31, na karibu milioni 4 kati yao walikuwa watumwa. Abraham Lincoln alipochaguliwa kuwa rais kwa msimamo kwamba utumwa usienezwe katika maeneo mapya ya magharibi, majimbo ya Kusini yalianza kujitenga moja baada ya jingine, mwishowe yakafika 11. Matamko ya kujitenga ya kadhaa kati ya majimbo hayo yanasema waziwazi kwamba kilicholindwa ni utumwa. Alfajiri ya 12 Aprili 1861 wakaipiga kwa mizinga ngome ya Sumter, kwenye bandari ya Charleston.

Pamba iliyolimwa na watumwa hao ilikuwa imefika hata kwetu. Merikani, nguo ile nzito isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na merikebu za Salem, ndiyo iliyotumika kama fedha katika misafara iliyokwenda bara. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikapata mwanya. Msafara uliokwama Bagamoyo kwa kukosa majora ya nguo ulikuwa unaonja, kwa mbali sana, vita vya watu wengine.

Watu wa Washington wenyewe hawakujua kinachokuja. Julai 1861 waheshimiwa wa bunge na watu wengine wa mjini walitoka na magari ya farasi na vikapu vya chakula kwenda kulitazama pigano la Bull Run, kama waendao kutazama mashindano ya ngalawa. Jioni walikuwa wakikimbia barabarani pamoja na jeshi lao lililoshindwa. Watu zaidi ya 800 waliuawa siku hiyo, mmoja wao Judith Henry, mjane aliyepita miaka 80, hajiwezi kitandani. Kombora lilimkuta ndani ya nyumba yake.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo msomaji lazima alijue, kwa kuwa ndilo lililojaza makaburi. Gobori la kale lilipiga risasi ya duara, na mtu aliyesimama mita 150 mbele yake alikuwa na nafasi nzuri ya kusalimika. Bunduki mpya zilikuwa na mifuo ndani ya mtutu. Risasi yake, iliyobuniwa na afisa Mfaransa Claude-Étienne Minié, ilitoka ikizunguka, ikaweza kumpata mtu mita 300 na zaidi. Ilitengenezwa kwa madini laini. Ikigonga mfupa wa paja au wa mkono ilitandaa na kuusaga, hata daktari akakosa vipande vya kuunga, akachukua msumeno. Wengi walilazwa kwa kloroformu, na hilo lilikuwa rehema. Lakini vijidudu vilikuwa havijajulikana, na msumeno uliofutwa kwenye aproni ulihamia kwa mgonjwa wa pili.

Majenerali walikuwa wamesomea vita vya Napoleon. Waliendelea kuwapanga vijana bega kwa bega na kuwaamuru watembee kwenye uwanja wazi kuzielekea bunduki hizo.

Tarehe 17 Septemba 1862, kando ya kijito cha Antietam huko Maryland, walifanya hivyo kuanzia alfajiri hadi jua kuchwa. Asubuhi pigano lilikuwa ndani ya shamba la mahindi yaliyokomaa, likabadilisha mikono mara kadhaa, na ilipofika saa nne shamba lilikuwa limefyekwa kwa risasi hadi chini. Adhuhuri pigano lilihamia kwenye njia ya mashambani iliyochimbika kwa magurudumu ya miaka mingi. Askari wa Kusini walijificha humo kama ndani ya handaki, wakawaua waliowakabili, mpaka wenzao wa Kaskazini walipopata upenyo wa kuwapiga kutoka upande. Njia ikajaa. Jumla ya siku hiyo ni watu karibu 23,000 waliouawa, kujeruhiwa au kutoweka, wapatao 3,650 wakiwa wamekufa papo hapo. Marekani haijapata siku nyingine ya vita yenye damu kama hiyo hadi leo.

Clara Barton, karani wa ofisi ya hataza aliyekuja na gari lake la bandeji na chakula, alikuwa ameinama akimnywesha maji majeruhi mmoja, risasi ikapenya kwenye mkono wa gauni lake na kumuua yule aliyekuwa akimnywesha. Jina lake tutakutana nalo tena.

Siku mbili baadaye mpiga picha Alexander Gardner alifika na kamera yake kabla wazishi hawajamaliza. Picha zake zilitundikwa Oktoba katika studio ya Mathew Brady, New York, na kwa mara ya kwanza Wamarekani wa mjini waliwaona maiti wa vita vyao: matumbo yaliyovimba, vinywa wazi, viatu vimekwisha kuvuliwa. Foleni zilifika barabarani. Karibu wote waliopigwa picha ni askari wa Kusini, kwa sababu iliyo wazi. Kaskazini walibaki na uwanja, wakaanza kwa kuwazika wao.

Tarehe 22 Septemba Lincoln alitangaza kwamba kuanzia Januari 1863 watumwa katika majimbo yaliyoasi watakuwa huru. Alikuwa akingoja ushindi, na Antietam, japo ilikuwa nusu ya ushindi, ilimtosha. Kuanzia hapo kila kijana wa Kaskazini aliyeanguka, apende asipende, alikuwa anafia pia uhuru wa mamilioni ya watumwa. Haya sihesabu kama maelezo ya pembeni. Bila hayo, idadi za maiti zinazofuata zingekuwa uchinjaji mtupu.

Desemba ya mwaka huo, Fredericksburg, Virginia, Jenerali Ambrose Burnside wa Kaskazini aliwatuma watu wake kupanda kilima cha Marye. Chini ya kilima kulikuwa na ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta walisimama askari wa Kusini safu kadhaa, wa nyuma wakiwapakilia bunduki wa mbele. Wimbi la kwanza lilianguka. Likaja la pili, na la tatu, na mengine, hadi giza. Hakuna aliyeugusa ukuta. Kaskazini walipoteza watu zaidi ya 12,000 katika pigano hilo, wengi kwenye uwanja huo mmoja. Usiku ulikuwa wa baridi kali, majeruhi wakawa wanalia mbele ya ukuta, na walio hai walilala nyuma ya maiti wa wenzao ili risasi zisiwapate. Asubuhi maiti wengi walikuwa uchi. Askari wa Kusini, waliokuwa na matambara mwilini, walikuja gizani kuchukua makoti na viatu.

Leo juu ya kilima hicho kuna makaburi ya taifa yenye askari wa Kaskazini zaidi ya 15,000, waliokusanywa kutoka hapo na kutoka viwanja vingine vya karibu. Wenye majina hawafiki 2,500. Wengine wana jiwe dogo la mraba lenye namba.

Kwa nini hawakujulikana? Kwa sababu serikali haikumpa askari kitambulisho cha kuvaa, wala haikuwa na kikosi cha kuzika, wala ofisi iliyokuwa na jukumu la kuiarifu familia. Jeshi lililoweza kupeleka mizinga na unga kwa reli lilimwachia rafiki wa marehemu kazi ya kuandika barua nyumbani. Rafiki naye akifa, barua haikuandikwa. Baba wengi walipanda treni, wakashuka karibu na uwanja wa vita na kuanza kufukua makaburi ya kina kifupi moja baada ya jingine, wakimtafuta mwana.

Gettysburg ni mji mdogo wa Pennsylvania. Mwaka 1863 ulikuwa na wakazi wapatao 2,400, miongoni mwao watu weusi huru. Jeshi la Jenerali Robert E. Lee wa Kusini lilipoingia jimboni mwezi Juni, wengi wa watu hao walikimbia, na walikuwa na sababu. Askari wa Kusini walikuwa wakiwakamata watu weusi njiani, aliyezaliwa huru na aliyetoroka utumwani wakiwaona mamoja, na kuwapeleka Virginia wakauzwe. Kati ya waliokimbia alikuwemo Basil Biggs na familia yake. Alikuwa mkulima na mganga wa mifugo, aliyehama Maryland miaka michache kabla ili watoto wake wapate shule. Nyumba waliyokuwa wakikaa ikageuzwa hospitali ya askari wa Kusini.

Pigano lilichukua siku tatu, 1 hadi 3 Julai, na mtaalamu wa vita anaweza kulizungumza mwezi mzima. Nitachukua alasiri ya mwisho tu. Lee aliwaamuru watu wapatao 12,500 wavuke uwanja wazi wa zaidi ya kilomita moja kuelekea kilima ambacho Kaskazini walikuwa wamekikalia. Alama ya kulenga ilikuwa kichaka kidogo cha miti kilimani. Walitembea kwa mistari, wakivuka nyua za mbao huku mizinga ikiwachana. Wachache walifika karibu na kile kichaka, wakauawa au kutekwa hapo. Katika muda usiofika saa moja, zaidi ya nusu ya waliotoka walikuwa wamepotea kwa njia moja au nyingine.

Usiku wa 4 Julai, mvua ikinyesha, Lee alianza kurudi Kusini. Siku hiyo hiyo mji wa Vicksburg, kwenye mto Mississippi, ulisalimu amri baada ya kuzingirwa wiki kadhaa, raia wakiishi ndani ya mapango waliyochimba na kula nyama ya nyumbu. Kwa wanahistoria hiyo ndiyo wiki ambayo vita viligeuka. Kwa watu wa Gettysburg ndiyo wiki ambayo majeshi yaliwaachia majeruhi wapatao 21,000, maiti zaidi ya 7,000 na mizoga ya maelfu ya farasi, katika joto la Julai. Makanisa, shule na maghala yote yaligeuka wodi. Watu walifunga madirisha na kutembea na chupa za mafuta ya mnanaa puani.

Mlinzi wa makaburi ya mji alikuwa mwanamke mhamiaji kutoka Ujerumani, Elizabeth Thorn. Mumewe alikuwa vitani, naye alikuwa na mimba ya miezi sita. Yeye na baba yake mzee walichimba makaburi karibu 100 katika ardhi ya mawe. Vibarua walioletwa kusaidia waliondoka wakitapika. Hakulipwa ziada yoyote. Katika vitabu vingi vya Gettysburg utasoma kurasa 50 juu ya majenerali wawili waliogombana kuhusu kilima, na Thorn akapewa mstari mmoja. Ningewageuza.

Maiti wengine walizikwa pale pale walipoanguka, chini ya udongo usiozidi mkono mmoja kwenda chini, na mvua ikawatoa. Majimbo ya Kaskazini yakanunua ardhi kando ya makaburi ya mji ili kuwazika upya. Zabuni ilikwenda kwa aliyetaka bei ndogo, dola 1.59 kwa kila maiti. Kazi yenyewe ya kufukua na kuhamisha ilifanywa na kundi la wanaume weusi chini ya Basil Biggs, aliyekuwa amerudi na kukuta mazao na mali yake vimeharibiwa. Msimamizi, Samuel Weaver, alisimama juu ya kila kaburi lililofunguliwa. Alipekua mifuko kwa ndoana ya chuma akitafuta barua, kitabu cha sala, chochote chenye jina, na aliwatenga wa Kusini kwa kutazama kitambaa cha nguo na aina ya viatu. Walianza Oktoba 1863 na kumaliza Machi 1864. Miili ilikuwa 3,354. Lincoln alipokuja 19 Novemba kutoa hotuba yake ya dakika mbili, ambayo watoto wa shule za Marekani huisoma hadi leo, kazi ilikuwa bado inaendelea, na sehemu kubwa ya makaburi ilikuwa tupu.

Mmoja wa waliozikwa hapo alipatikana hana barua wala kitabu. Mkononi alikuwa ameshika picha ya watoto watatu, na alikufa akiitazama. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha, kwa hiyo lile la Philadelphia Inquirer liliieleza kwa maneno: umri wa watoto, nguo, shati la mmoja lililofanana na gauni la mwenzake. Maelezo hayo yalinakiliwa na magazeti mengine, likafika moja Portville, New York, mikononi mwa mwanamke ambaye hakuwa amepata habari za mumewe tangu Julai. Akaandika, akatumiwa nakala ya picha. Walikuwa Frank, Alice na Fred, na baba yao alikuwa Sajini Amos Humiston. Watu waliguswa mno, wakachanga fedha, na nyumba ya mayatima wa vita ikafunguliwa Gettysburg mwaka 1866. Iliishia vibaya. Msimamizi wake mmoja aliwatesa watoto, na ilifungwa mwaka 1877.

Julai hiyo hiyo ya 1863, mchangani karibu na Charleston, kikosi cha 54 cha Massachusetts kilishambulia ngome ya Wagner. Askari wake walikuwa weusi, maafisa wazungu. Walipanda hadi ukutani usiku na kurudishwa, wakipoteza karibu nusu ya watu wao. Kanali wao, Robert Gould Shaw, aliuawa juu ya ukuta akiwa na miaka 25. Kwa desturi ya vita hivyo maiti wa afisa alirudishwa kwa upande wake. Watu wa Kusini walimtupa Shaw katika shimo moja na askari wake weusi, wakikusudia iwe fedheha. Vita vilipoendelea, jeshi la Kaskazini likawa na nafasi ya kumtafuta. Baba yake aliandika kumwomba jenerali asimfukue mwanawe. Alitaka abaki na watu wake.

Askari weusi wapatao 179,000 walitumikia jeshi la Kaskazini, na kwao vita vilikuwa na sheria nyingine. Ngome ya Pillow, Tennessee, ilipoangukia mikononi mwa Jenerali Nathan Bedford Forrest wa Kusini tarehe 12 Aprili 1864, askari weusi waliotupa silaha na kunyoosha mikono waliuawa, na wazungu waliokuwa pamoja nao wengi wakauawa pia. Mjane wa kamanda wa ngome, Mary Booth, alikwenda Washington kumwona Lincoln. Hakwenda kujiombea. Alimweleza kwamba wake wa askari weusi waliokufa pale hawawezi kupata pensheni, kwa kuwa sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Lincoln alimwandikia Seneta Charles Sumner, na Julai ya mwaka huo bunge likapitisha kwamba mjane mweusi atalipwa akithibitisha kuwa aliishi na marehemu kama mke na mume. Katika vita vizima ni mara chache nimeona damu ikageuka haki kwa haraka hivyo.

Mwaka huo wa 1864 ulikuwa mbaya kuliko yote. Pigano la Chickamauga, Septemba iliyotangulia, lilikuwa limeangusha watu karibu 35,000 kwa siku mbili. Sasa Grant, akiwa mkuu wa majeshi yote ya Kaskazini, aliamua kumshika Lee na kutomwachia. Walikutana tarehe 5 Mei katika kichaka kinene cha Virginia kiitwacho Wilderness. Majani makavu yakashika moto. Majeruhi waliovunjika miguu waliuona moto ukiwajia wakiwa hawawezi kusogea, na wenzao waliosikia mayowe hawakuweza kuwafikia. Wiki moja baadaye, Spotsylvania, watu walipigana kwa visu vya bunduki na vitako karibu saa 20 kwenye pembe moja ya handaki, ndani ya mvua. Mwaloni wenye unene wa zaidi ya nusu mita ulikatwa na risasi tupu ukaanguka. Kisiki chake kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na anayetaka kujua hewa ya siku ile ilikuwa na nini ndani yake akakitazame.

Tarehe 3 Juni, Cold Harbor, Grant aliamuru shambulio juu ya mahandaki yaliyokamilika. Msaidizi wake Horace Porter aliandika baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo aliwaona askari wakishona makoti yao. Aliposogea, akakuta wanabandika mgongoni karatasi zenye majina na anwani zao. Walikuwa wamekwisha kujua, baada ya miaka mitatu, kwamba hakuna mwingine atakayewafanyia kazi hiyo. Asubuhi walianguka kwa maelfu katika muda mfupi. Grant na Lee wakabadilishana barua kuhusu masharti ya kuwaokota majeruhi, kila mmoja akichunga asionekane ameshindwa, na siku nne zikapita. Watu walipotumwa hatimaye jioni ya 7 Juni, waliowakuta hai walikuwa wachache. Grant alikiri katika kumbukumbu zake kwamba shambulio lile alilijutia daima. Mimi siku zile nne zinanitisha zaidi ya shambulio.

Maiti wa Cold Harbor walikaa huko hadi vita kwisha. Picha moja ya Aprili 1865, ya John Reekie, inaonyesha wanaume weusi wakikusanya mabaki. Mmoja ameketi kando ya machela yenye mafuvu, mguu wa buti na vitambaa. Hawana glavu, na majina yao hayakuandikwa.

Sehemu kubwa zaidi ya hesabu haiko kwenye viwanja vya mapigano. Katika kila askari watatu waliokufa, wawili waliuawa na maradhi: kuhara damu, homa ya matumbo, malaria, surua kwa vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuugua utotoni. Kambi ya wafungwa ya Andersonville, Georgia, iliyojengwa kwa watu 10,000 na kujazwa zaidi ya 30,000, iliua karibu 13,000 katika miezi 14. Ndani yake kijana wa Connecticut, Dorence Atwater, alipewa kazi ya kuandika orodha ya wafu. Aliandika orodha ya walinzi, na kwa siri akaandika nyingine yake, akaishona ndani ya koti. Kiangazi cha 1865 yeye na Clara Barton walirudi huko na mafundi na mbao, wakaweka jina juu ya kila kaburi lililomo orodhani. Yasiyo na majina yalibaki 460 hivi. Linganisha na kilima cha Fredericksburg, ambako kijana kama huyo hakuwepo.

Barton alifungua pia ofisi Washington ya kuwatafuta waliopotea. Barua zaidi ya 63,000 zilimfikia, na alipata habari za watu wapatao 22,000. Serikali nayo iliamka baada ya Lee kusalimu amri, Aprili 1865. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikuwa imefukua na kuzika upya askari wake zaidi ya 300,000 katika makaburi ya taifa 70 na kitu, na zaidi kidogo ya nusu walipata majina. Askari weusi walizikwa katika sehemu iliyotengwa.

Kwa miongo mingi jumla ya vifo iliandikwa kuwa 620,000. Mwaka 2011 mwanahistoria David Hacker, kwa kulinganisha sensa, aliipandisha hadi karibu 750,000. Uchunguzi wa 2024 uliotumia rekodi kamili zaidi umeishusha hadi 698,000. Tofauti kati ya namba hizo ni makumi ya maelfu ya vijana ambao hakuna aliyewaandika popote. Na deni liliendelea. Mwaka 1866 jimbo la Mississippi lilitumia karibu sehemu moja ya tano ya mapato yake kununua miguu na mikono ya bandia. Pensheni ya mwisho ya vita hivi, dola 73.13 kwa mwezi, ililipwa kwa binti wa askari mmoja hadi alipofariki mwaka 2020.

Wa Kusini waliobaki Gettysburg hawakuwa na serikali ya kuwaita nyumbani. Ng'ombe walilima juu yao karibu miaka minane. Vyama vya wanawake wa Kusini vikachangisha, na Dakta Rufus Weaver, mwana wa yule Samuel wa ndoana, akatumia ramani na kumbukumbu za baba yake kufukua zaidi ya 3,000, akawapakia masandukuni kwenda Richmond na miji mingine. Chama cha Richmond hakikumlipa deni lake lote.

Basil Biggs, kwa fedha alizopata, alinunua shamba kilimani. Ndani yake kilikuwemo kile kichaka cha miti kilicholengwa alasiri ya mwisho. Alitaka kukikata auze mbao, akashawishiwa na mwanahistoria wa uwanja huo, John Bachelder, akiache. Alifariki mwaka 1906. Alizikwa katika Lincoln Cemetery, makaburi ambayo watu weusi wa Gettysburg walijianzishia mwaka 1867, pamoja na wanajeshi weusi wapatao 30 wa vita vile vile ambao hawakupewa nafasi katika makaburi ya taifa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, ambako yeye na wenzake walikuwa wamewalaza watu 3,354.